Sahani Zilizonuna

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mimi si mtu wa kumsifu wifi. Wifi ni wifi. Ukimsifu asubuhi, jioni utamkuta amekalia kiti chako. Lakini huyu mke wa kaka yangu ni mfinyanzi, na nyumbani kwetu hakuna mwingine mwenye mdomo wa kusimulia mambo yake yakasimulika. Kaka ni fundi umeme, akisema maneno kumi kwa siku amejitahidi. Basi zamu ni yangu.

Wifi hutengeneza vyombo vya kulia. Sahani, bakuli, vikombe, majagi, kwa mikono yake miwili na gurudumu la kusukuma kwa mguu. Ukimwomba chungu cha kupamba sebule anakutazama kama umemtukania mzazi. "Mimi natengeneza vya kulia," anasema. "Ukitaka cha kutazama, nunua televisheni." Na hakutengenezei mpaka akuone unavyokula. Anakuja kwako, anakaa, anakodoa macho: kijiko unakishikaje, chakula unakisukuma kwa kidole au kwa kipande cha mkate, kikombe unakikumbatia au unakishika sikio. Wasiomjua hudhani ana njaa, wanamkaribisha, naye hakatai. Siku moja tulialikwa mahali, nami nimevaa gauni nililolishona wiki nzima. Wifi akaipenda sahani ya mwenyeji wetu, akaigeuza aone chini imekaaje. Juu ya sahani kulikuwa na mchuzi, na pembeni ya sahani nilikuwa mimi.

Ndiyo, mimi ni fundi cherehani. Ndoa iliponishinda nilirudi nyumbani na cherehani yangu, na chumba cha kazi kilikuwa kimoja tu, kile cha nyuma. Kaka akapiga mstari wa chaki sakafuni: huku matope ya wifi, huku vitambaa vyangu. Mstari huo umechorwa upya mara nyingi, na kila mara kuna anayedai umemhamia. Kuna siku nilikuta alama za vidole vitano vya udongo kwenye kitambaa cheupe cha bibi harusi. Kuna siku yeye alikuta pini yangu ndani ya bakuli lililokwisha kuchomwa, imeganda humo haitoki. Tulinuniana wiki moja moja, kila mtu kwa zamu yake.

Aliyekuwa akitupatanisha ni Mama, mzazi wangu mimi na kaka. Mama alikuwa katibu muhtasi kwa miaka thelathini na moja. Alipiga taipu huku anatazama dirishani na kumjibu bosi, na ukurasa ukatoka hauna kosa. Kaka alipomleta wifi kumtambulisha, Mama alimwambia, "Mwanangu, nasikia mfinyanzi hulia gaeni. Kwenye nyumba hii hapana. Hapa tunakula kwenye vyombo vilivyonyooka." Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wifi baada ya harusi ilikuwa sahani thelathini na sita, rangi ya maziwa, na Mama akazipima moja moja kwa rula. Zilipita zote. Tangu hapo hao wawili walipatana mpaka mimi niliyezaliwa humo nikaona wivu.

Sasa, mwaka jana mkono wa kulia wa Mama ukaanza kutetemeka. Kwanza kikombe kikawa kinagongagonga kisosi. Daktari akautaja ugonjwa, akatoa vidonge, akasema hautamuua na wala hautaondoka. Mama akaikunja karatasi ya daktari akaitia mkobani, hatukuiona tena. Halafu Jumapili moja wakaja wenzake wa zamani wa ofisini, na kijiko cha maharage kikaruka kutoka mkononi mwake kikatua kwenye blauzi nyeupe ya mgeni. Mama alicheka, akaomba radhi, akafuta. Jumapili iliyofuata akasema, "Nyinyi kuleni, mimi nitakula baadaye."

Hiyo baadaye ikawa chumbani kwake, kwenye sinia, mlango umefungwa. Sahani ilikwenda imejaa, ikarudi nusu. Wengine hupima watu kwa mizani, mimi napima kwa tepu: nilimpunguzia gauni lake la kahawia inchi moja kila upande, na miezi miwili baadaye nikalipunguza tena. Na meza yetu ilikufa, jamani. Mama ndiye aliyekuwa na habari zote, mabosi wake, fitina za ofisi, nani alimpenda nani kwenye chumba cha mafaili. Bila yeye tukawa tunasikilizana tukitafuna. Niliumia, tena niliogopa sana. Mtu haishi kwa mkate mkavu na ndizi, na hivyo ndivyo vitu pekee alivyovimaliza, kwa sababu vinashikika.

Na sisi tulifanya nini? Tulijitia hamnazo. Neno "kutetemeka" halikutamkwa ndani ya nyumba ile hata mara moja. Tulisema Mama amechoka, Mama hana hamu, joto la siku hizi. Mtoto wa kaka, binti wa miaka saba tunayemwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akipiga mswaki, naye tulimziba mdomo kwa kumkazia macho.

Wifi yeye aliingia kazini. Akafinyanga bakuli zito, kitako kipana lisiteleze, ukingo umeinuka upande mmoja ili kijiko kipate pa kuegemea na chakula kiweze kupanda chenyewe. Mimi nisiyesifu mtu niliona ni zuri. Akampelekea.

"Mama, nimejaribu umbo jipya."

Mama akaligeuza, akapitisha kidole ukingoni. "Umemjaribia nani mwingine?"

"Wewe kwanza, Mama."

"Na wenzangu leo wanakulia nini?"

"Zile za siku zote."

"Basi na mimi niletee ya siku zote." Akachukua vifungo vyake vya akiba kwenye droo, akavimwaga ndani ya bakuli, akashukuru kwa adabu zote. Wiki iliyofuata wifi akaja na kikombe chenye masikio mawili, cha kushika kwa mikono yote. Mama akakitazama akatabasamu. "Kizuri. Mtoto mwenyewe anazaliwa lini?"

Hapo nikamvaa wifi. Nilimfuata chumba cha nyuma nikamwambia asimfanyie mama yangu vyombo vya wagonjwa, anamdhalilisha, mama yangu si wa kufanyiwa majaribio.

"Mama yako?" akasema, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni. "Wifi, mimi wangu alifariki sijajua hata kusuka nywele. Nimekuja hapa nikampata mmoja. Usinigawie. Na wewe umefanya nini zaidi ya kumpunguzia magauni?"

Lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Kwa hiyo nikajibu kwa kelele nyingi zaidi.

Hasira ile ndiyo iliyoniponza. Wifi alikuwa na oda ya sahani thelathini za mgahawa mpya. Zilikuwa mbichi bado, zimepangwa kwenye mbao kivulini, na mbao mbili zimevuka mstari wa chaki. Siku nyingine ningepiga domo yakaisha. Siku hiyo, wifi alipokwenda kuchukua kuni za tanuri, nilizibeba mbao zote nikazipanga chini ya dirisha, juani, nikatandaza vitambaa vyangu kwa raha zangu nikakata.

Mchana nikageuka. Mungu wangu! Kila sahani ilikuwa imeinua ukingo mmoja, ule wa upande wa dirisha, kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa kitu. Upande uliopigwa na jua ulikuwa umemtangulia mwenzake kukauka, ukajivuta juu. Nikafanya lile ninalolijua. Nikalowesha kitambaa, nikakikamua, nikakilaza juu ya sahani, nikakandamiza kwa kiganja taratibu mpaka mdomo ukalala. Yaani nilizipiga pasi. Zote thelathini. Nikazirudisha kivulini, na wifi aliporudi akazikuta zimelala sawasawa, akanikuta na mimi nafagia upande wake. Akaniuliza kama nina homa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba udongo una kinyongo. Ukiupinda mbichi kisha ukaunyoosha, unanyamaza kimya, lakini ukiingia motoni unarudi palepale ulipopindwa. Wifi aliziacha zikauke, akazichovya kwenye ule uji wake wa kung'arisha, akazipanga tanurini, akachoma. Siku ya kufungua tanuri mwenye mgahawa alikuja mwenyewe, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, na kesho yake ndiyo alikuwa anafungua biashara. Wifi akatoa sahani ya kwanza. Akatoa ya pili, ya tatu. Akakaa chini.

"Fundi," mwenye mgahawa akasema, "mbona sahani zimenuna?"

Zilikuwa zimenuna kweli, kila moja na kununa kwake. Mwenye mgahawa akaanza kulalamika, wateja kesho atawapakulia viganjani? Mimi nilikuwa mlangoni, nimekuwa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Kelele zikamtoa Mama chumbani. Akaja mkono mmoja mfukoni, akatazama sahani, akamtazama mkwewe.

"Ulimwahidi lini?"

"Leo, Mama."

"Basi neno ni neno. Mpe zetu."

"Zile thelathini na sita?"

"Achukue zote, asikose za akiba. Sisi si tuna hizi?" Akazionyesha kwa kidevu zile zilizonuna. "Tutazilia mpaka utakapomfinyangia nyingine." Huyu ndiye aliyepima sahani kwa rula! Mwenye mgahawa alimshukuru mpaka majirani wakachungulia.

Siku zilizofuata wifi alimtafuta mchawi wa zile sahani. Alilaumu udongo, akalaumu kuni, akalaumu upepo, akajilaumu mwenyewe, na hilo la mwisho lilinitesa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Lakini nilifyata mkia.

Jumapili ikafika. Mama akapelekewa sinia lake chumbani, na juu yake sahani iliyonuna, maana nyingine haikuwepo. Sisi tukakaa mezani, wali na maharage, kila mtu na mdomo wake mbele yake. Chakula kilikuwa kinateremkia upande mmoja, unakifuata na kijiko, kinafika ukutani, kinapanda. Tulikula kimya mpaka Chiriku akashindwa.

"Baba, yako imenuna kama wewe timu yako ikifungwa."

Kaka akaitazama sahani yake, akaguna.

"Ya Mama," akamgeukia wifi, "imenuna kama Mama udongo ukipasuka. Na ya Shangazi imenuna kama Shangazi."

"Kama Shangazi akifanywaje?" nikauliza.

"Hapana, kama Shangazi tu."

Kaka alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Wifi akajifunika uso kwa kanga. Hata mimi, ningefanyaje, nilicheka. Tulikuwa hatujachekea meza ile kwa muda mrefu, tukawa tunacheka na tunachochewa na kicheko chenyewe. Mlango wa Mama ukafunguka. Alikuwa amesimama, sahani ameishika kwa mikono miwili.

"Na hii yangu je? Imenuna kama nani?"

Chiriku akashuka kitini, akaenda akaikagua kama mnunuzi. "Kama Bibi chai ikichelewa."

Mama akacheka kile kicheko chake cha ofisini, cha kichwa nyuma. "Sogea nikae," akasema.

Akakaa. Mimi niliitazama sahani yangu kama ninasoma barua, na wengine hivyohivyo, lakini pembe ya jicho haina adabu. Kijiko chake kilikuja kinatetemeka, kikaugusa ule ukingo ulioinuka, kikatulia. Wali ukapanda. Punje nyingine ziliponyoka zikaangukia ndani ya sahani, wala hakuna aliyeshtuka. Alimaliza. Akaomba nyongeza, na kaka alipompakulia kidogo akamwambia asimpimie kama dawa ya kikohozi.

Kesho yake alikuja mezani, na keshokutwa. Habari za chumba cha mafaili zikarudi, na nyingine mpya alizokuwa amezilimbikiza huko ndani. Nikaona sasa siwezi kubeba siri yangu tena. Nikamfuata wifi kwenye gurudumu, nikavuka mstari wa chaki bila kuomba ruhusa, nikamwambia yote, dirisha, jua, kitambaa, pasi.

Gurudumu likasimama. Nilijiandaa kurushiwa bonge la udongo.

"Dirisha lipi?" akauliza.

"Hili hapa."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Kama saa tatu asubuhi. Wifi, nisamehe, nilikuwa na hasira."

"Nyamaza kwanza. Mpaka saa ngapi?" Akawa anaandika kwa kipande cha mkaa ukutani. Halafu akanigeukia, macho yamejaa machozi na bado anacheka. "Miezi mitatu mimi nahangaika kulinyanyua bakuli moja upande, wewe unanyanyua thelathini kwa asubuhi moja, kwa hasira tu! Wifi, wewe unaogopesha." Akanikumbatia na udongo wake wote. Blauzi ile sijaifua vizuri mpaka leo, madoa hayatoki.

Lakini furaha yetu ilikuwa na mwisho unaojulikana. Wifi alikuwa anafinyanga sahani mpya za mgahawa, zimenyooka, zinakauka kivulini mimi mwenyewe nikizilinda kama askari. Zikiwa tayari, zetu zinarudi. Na zikirudi zile za maziwa, zilizopimwa kwa rula, Mama atazikataaje? Ndizo fahari yake. Atazikubali, mkono utamsaliti, na mlango utafungwa tena. Nilimwambia wifi tuzivunje njiani, tuseme zimeanguka. Akasema hawezi kuvunja chombo kinachobeba chakula, na tena uongo ndio uliotufikisha kwenye bakuli la vifungo.

Jumamosi mwenye mgahawa akaja na zetu, zimeoshwa, zimefungwa kwa magazeti, haikupungua hata moja. Akachukua mpya zake akaondoka akipaza sauti ya baraka mtaa mzima. Kesho yake, wakati wa chakula, wifi akafanya jambo ambalo hakuniambia. Akaleta mezani marundo yote mawili. Huku zilizonyooka, huku zilizonuna. Mama alikuwa amekwisha kaa, mikono iko mapajani.

"Afadhali zimerudi," kaka akasema. "Nimechoka kulia mlimani." Siku nzima hasemi, na akisema ndiyo hayo. Nilimkanyaga chini ya meza.

Wifi akabaki amesimama. "Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, "leo tule kwenye zipi?"

Mama akayatazama marundo. Akanyoosha kidole akagusa sahani ya juu ya zile za maziwa, akaizungushia kidole ukingoni polepole, imenyooka, haina kosa. Chiriku akafungua kinywa, nikamkazia macho.

"Zilizonuna," Mama akasema.

Kaka, ambaye hajifunzi, akaanza, "Lakini Mama, hizi ndizo ulizozi..."

"Nimesema zilizonuna. Mkono wangu unatetemeka. Kwenye zile chakula hakinikimbii." Akautoa mkono wake wa kulia mapajani, akauinua katikati ya meza, mbele yetu sote, akauacha ufanye ulivyotaka. Ukatetemeka. Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani hamjaona?"

Mimi mwenye mdomo niliinamisha uso. Wifi ndiye aliyejibu.

"Tumeona, Mama. Siku nyingi."

"Siku nyingi!" Akaugeukia mkono wake kama ndio uliomdanganya, akatugeukia sisi. "Mwaka mzima najifungia, nakula kama mwizi, kumbe nawaficha watu wanaojua?"

"Ndiyo, Bibi," Chiriku akasema, "hata mimi najua."

Mama akaanza kucheka. Mimi nikaanza kulia, na wifi akawa anafanya yote mawili kwa pamoja, kaka anatutazama hajui amshike nani. Mama akaivuta sahani moja iliyonuna akaiweka mbele yake, akachukua kijiko.

"Haya, msinilowanishie meza. Pakueni, chakula kinapoa."